Mtoto Anapokataa Dawa: Kutafuta Chanzo na Kukitatua

Mtoto mdogo anapokataa dawa, wengi wetu hukimbilia kuuliza tumshike vipi ili imwingie, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa anaikataa wakati gani hasa. Yupo anayefumba mdomo akiiona chupa tu, yupo anayepokea kijiko kisha akatema, yupo anayemeza na kutapika baada ya muda mfupi, na yupo aliyekunywa vizuri siku za mwanzo halafu akagoma ghafla. Wote hao huitwa wakaidi, lakini kila mmoja ana sababu yake, na mbinu inayomfaa mmoja inaweza kumharibia mwenzake. Mwongozo huu unahusu watoto wenye umri usiozidi miaka 5 wanaotibiwa nyumbani kwa dawa waliyopewa zahanati, kituo cha afya au duka la dawa.

Hakikisha kwanza kwamba anakataa, na si kwamba hawezi

Mtoto anayekataa ana nguvu za kukataa. Analia kwa sauti, anageuza kichwa, anausukuma mkono wako, na muda mfupi baadaye anaomba maji au anakubali kunyonya. Mtoto asiyeweza hafanyi hayo. Wahudumu waliofundishwa utaratibu wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5 huanza kwa kutafuta dalili za hatari: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, au kulegea na kupoteza fahamu. Ukiona mojawapo, acha kumbembeleza na umpeleke kituoni mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Usimtilie chochote mdomoni mtoto aliyelegea, kwa kuwa kinaweza kuingia katika njia ya hewa badala ya kwenda tumboni. Kituoni zipo dawa za sindano, na mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali anaweza kuwekewa dawa ya artesunate kwenye njia ya haja kubwa kabla ya kusafirishwa kwenda hospitali kubwa. Kwa hiyo kushindwa kumeza hakumaanishi kwamba matibabu yameshindikana.

Kuna pia mtoto aliye katikati, ambaye ana nguvu zake lakini anaumia anapomeza. Huyu hukataa hata chakula anachokipenda, hudondokwa na mate kuliko kawaida, au hulia mara tu kitu kinapogusa ulimi. Mketishe penye mwanga wa kutosha na umwangalie mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ambao haufutiki kama mabaki ya maziwa, vidonda vidogo kwenye ufizi, au koo jekundu lililovimba ni mambo ya kumwonyesha mhudumu, kwa sababu yanatibika na yakitibiwa ugomvi wa dawa hupungua wenyewe. Pua iliyoziba nayo huleta shida ambayo wengi hawaitambui: mtoto anayepumua kwa mdomo hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, hivyo hukikataa kijiko kwa kuogopa kukosa hewa. Msafishe kamasi kwanza, umpe muda atulie, ndipo ulete dawa.

Anafumba mdomo kabla dawa haijafika

Hapa ladha haihusiki, kwa kuwa hajaionja. Mtoto anakumbuka kilichotokea mara iliyopita, na katika nyumba nyingi kilichotokea ni kwamba alilazwa chali, watu wazima wawili wakamshika, mmoja akamziba pua na mwingine akamimina. Nalisema hili bila kumlaumu mama yeyote aliyechoka kukesha na mtoto mwenye homa, lakini ni lazima lisemwe waziwazi kwamba kuziba pua ni hatari. Mtoto aliyezibwa pua hulazimika kuvuta hewa kwa mdomo uliojaa maji ya dawa, na pumzi ile ndiyo inayoivuta dawa kuelekea mapafuni. Akipaliwa, anaweza kupata nimonia juu ya ugonjwa aliokuwa nao, na akipaliwa vibaya anaweza kufa. Kwa sababu hiyohiyo, WHO huonya katika kampeni za dawa za minyoo kwamba mtoto anayelia asilazimishwe kumeza kidonge.

Chanzo cha pili ni vitisho. Maneno kama "ukikataa nitakupeleka ukachomwe sindano" yamezoeleka mno, na huenda yakafanya kazi siku ya kwanza. Madhara yake huonekana baadaye, mtoto anapoanza kupiga kelele akiwa getini kwa zahanati, na siku atakayohitaji sindano kweli itakuwa ngumu kwake na kwa anayemhudumia. Chanzo cha tatu ni udanganyifu. Aliyeambiwa kwamba dawa ni pipi atajifunza moja kati ya mambo mawili: kwamba mzazi wake husema uongo, au kwamba kile kilichomo kwenye kabati ni pipi kweli. Hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi, maana huko ndiko mtoto anakokunywa chupa nzima ya parasetamoli siku ambayo hakuna anayemwangalia.

Tiba ya woga huu huchukua dozi kadhaa, na haina njia ya mkato. Mketishe wima mapajani pako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, mkono wake mmoja ukiwa umepita nyuma yako na ule mwingine umeushika kwa upole. Mweleze kwa sentensi fupi na za kweli: "Baba, hii ni dawa ya homa. Ni chungu kidogo. Ukishameza, utakunywa maji." Kisha mpe nafasi ya kuchagua jambo ambalo halibadilishi matibabu, kama vile anywe kwa kikombe au kwa kijiko, au ameketi kwa mama au kwa bibi. Usimuulize kama anataka dawa, kwa sababu atajibu hapana na wewe utalazimika kulipuuza jibu lake. Mtoto wa miaka 2 au 3 hufurahi kumnywesha mwanasesere kwanza, au kushika mwenyewe kikombe kidogo chenye dawa iliyokwisha kupimwa. Akishakunywa, msifu palepale na umkumbatie, hata kama alilia.

Walezi wote wa nyumbani wafuate utaratibu mmoja. Mara nyingi mtoto humkubalia dada wa kazi na kumkatalia mama, na mama huumia moyoni. Sababu huwa nyepesi: dada hana mjadala, ilhali mama hubembeleza kwa robo saa, na mtoto amegundua kwamba mjadala huo unaahirisha dawa. Maelezo ya dakika 1 au 2 yanatosha. Akikataa kabisa, weka dawa kando, mwache atulie kwa dakika 10 au 15, kisha rudia kwa sauti ileile. Kuchelewesha dozi kwa muda huo hakumdhuru mtoto ambaye hana dalili za hatari.

Anapokea, kisha anatema

Dalili hii ina vyanzo vitatu vinavyotofautiana: uchungu, wingi, na mahali dawa inapoangukia mdomoni. Anza na hicho cha mwisho kwa kuwa ndicho chepesi kurekebisha. Dawa iliyomiminwa mbele ya ulimi huonjwa yote na husukumwa nje, hasa kwa mtoto mchanga, ambaye ulimi wake husukuma nje kila asichokizoea. Dawa iliyorushwa moja kwa moja kooni humfanya ajisikie kutapika au apaliwe. Mahali panapofaa ni upande wa ndani wa shavu, kati ya shavu na ufizi. Tumia bomba la plastiki lisilo na sindano, lile dogo la mililita 5, ambalo hupatikana kwa bei nafuu katika maduka mengi ya dawa. Liingize pembeni mwa mdomo, sukuma kiasi kisichozidi mililita 1, subiri ameze, kisha endelea. Kwa mtoto wa miezi michache, hata nusu mililita kwa mara moja inatosha.

Bomba hilo lina faida nyingine. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani ukubwa, na mtoto aliyeandikiwa mililita 5 anaweza kupewa pungufu au kuzidishiwa kila siku bila mtu kujua. Ni muhimu pia kusoma lebo ya chupa yenyewe, si jina la dawa peke yake. Parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 ni tofauti kabisa na ile ya matone ya watoto wachanga, ambayo aghalabu huwa na miligramu 100 katika kila mililita 1. Mama aliyezoea chupa ya kwanza akapima kwa kijiko kutoka ya pili atakuwa amempa mtoto zaidi ya mara 4 ya alichokusudia.

Wingi ni kosa ambalo aghalabu tunalitengeneza sisi wenyewe. Kidonge cha kuyeyusha huhitaji maji kidogo tu, takriban mililita 10, lakini mara nyingi huwekwa katika nusu kikombe, na mtoto akinywa theluthi akachoka, hakuna ajuaye ni kiasi gani cha dawa kimebaki. Kosa hilihili hufanyika dawa inapochanganywa kwenye bakuli zima la uji au chupa nzima ya maziwa. Ukitaka kuchanganya na chakula, weka kwenye kijiko kimoja au viwili, na umalize hicho kabla ya kumpa chakula chenyewe. Nashauri kwa nguvu usitumie maziwa au uji ambao ndio mlo wake mkuu, kwa sababu akigundua uchungu ataukataa uji huo hata baada ya kupona, na mtoto mgonjwa hana ziada ya kupoteza. Ndizi mbivu iliyopondwa, parachichi au mtindi hufaa zaidi. Asali inafaa kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 tu. Kwa aliye chini ya hapo inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ile ya kupumua.

Uchungu wenyewe hauondoki, lakini hupungua. Baridi hupunguza makali ya ladha, kwa hiyo dawa ya maji inaweza kupozwa ikiwa lebo haikatazi, na mtoto mkubwa kidogo anaweza kulamba barafu ya ubuyu iliyotengenezwa nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, kabla ya dawa na baada yake. Mtoto mchanga anyonyeshwe mara tu baada ya dawa. Titi huosha mdomo na kumtuliza kwa pamoja, na ni vyema dawa itangulie, akiwa na njaa, kuliko kumpa akiwa ameshiba na kusinzia. Tahadhari moja ni kwamba dawa chungu kama metronidazo hufunikwa ganda katika vidonge ili ulimi usiionje, na kuisaga huufungulia uchungu wote. Kabla ya kusaga kidonge chochote, muulize mfamasia kama kinaruhusiwa kusagwa na kama ipo ya maji au ya kuyeyusha. Vipo vidonge ambavyo vikisagwa hupoteza nguvu au hutoa dozi yote kwa mkupuo.

Je, kilichotemwa kirudishwe? Ikiwa ametema yote palepale na umeiona, mpe tena. Ikiwa hujui ni kiasi gani kilimezwa, usikisie, na hasa usirudie parasetamoli kwa kukisia, kwa kuwa ikizidi huharibu ini. Ngoja dozi inayofuata. Kwa dawa za malaria, kifua kikuu na VVU, wasiliana na kituo ulichopewa dawa, kwani hizo hazivumilii mapengo.

Anameza, kisha anatapika

Kutapika baada ya dawa husababishwa na tumbo tupu, kikohozi kilichompata wakati wa kumeza, kilio kirefu kilichomjaza hewa tumboni, au ugonjwa wenyewe. Tazama saa. Kwa dawa mseto ya malaria, yaani ALu, utaratibu wa WHO unataka dozi irudiwe nzima ikiwa mtoto ametapika ndani ya saa 1. Kwa zinki, ambayo hupewa mtoto anayehara, muda huo ni nusu saa. Pakiti ya ALu huwa na idadi kamili ya vidonge vya dozi 6 za siku 3, kwa hiyo ukirudia dozi moja, pakiti itapungua mwishoni. Rudi kituoni uongezewe, badala ya kuifanya dozi ya 6 iwe haipo. Akitapika na dozi ya marudio, hiyo si kazi ya nyumbani tena.

ALu hupenya vizuri mwilini ikiambatana na chakula chenye mafuta, na mtoto mgonjwa wa malaria mara nyingi hataki kula. Maziwa ya mama, maziwa ya ng'ombe au uji wenye karanga vinatosha. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa 4 asubuhi atapewa ya pili saa 12 jioni. Wazazi wengi huisogeza hadi wakati wa kulala ili kukwepa ugomvi, nami nawaomba wasifanye hivyo kwa dozi hii, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo yenye vimelea vingi zaidi.

Maji ya ORS anayakataa

Mtoto mwenye kuhara aliyeishiwa maji hunywa ORS, yaani maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi na sukari, kwa pupa, ingawa ina chumvi, kwa sababu mwili wake unaidai. Anayeisukuma huku akicheza huenda hajapungukiwa sana. Hata hivyo, anayeikataa huku macho yamedidimia na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, yuko hatarini. Ukiziona dalili hizo, elekea kituoni huku ukiendelea kumpa njiani.

Kosa kubwa hapa ni kuongeza sukari, juisi au soda ili ikubalike. Uwiano wa sukari na chumvi katika pakiti ndio unaoyawezesha maji kupenya kwenye utumbo, na sukari ikizidi huvuta maji kuja utumboni na kuongeza kuhara. Changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, ipoze, na utumie kijiko: kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 1 au 2. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 2 huhitaji mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, na mkubwa zaidi ya hapo mililita 100 hadi 200. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Kidonge hakipiti

Mtoto wa chini ya miaka 5 hatarajiwi kumeza kidonge kizima, na kumlazimisha ni kutafuta kupaliwa. Kidonge cha minyoo cha kutafuna husagwa na kuchanganywa na maji kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Amoksisilini (antibiotiki), zinki na ALu zote zina aina ya kuyeyusha, hivyo iombe kwa jina hilo.

Alikuwa anakunywa, sasa amegoma

Mara nyingi chanzo ni kupona. Homa imeshuka, anacheza, haoni sababu ya kunywa kitu kichungu, na mzazi naye moyoni anakubaliana naye. Zinki ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa hutolewa kwa siku 10 hadi 14 wakati kuhara kwenyewe huisha mapema, na faida yake ya kumkinga mtoto na kuhara kwa wiki zijazo haionekani kwa macho. Wakati mwingine chanzo ni dawa yenyewe. Antibiotiki ya unga iliyochanganywa na maji hubadilika ladha na nguvu ikikaa kwenye joto, na lebo hutaja iwapo inadumu siku 7 au 14 na kama inataka friji. Pia dawa isiyotikiswa huacha unga chini ya chupa, hivyo dozi za mwanzo huwa hafifu na za mwisho nzito na chungu. Anayegoma chupa ikiwa karibu kwisha pengine anasema kweli.

Mtoto anayekunywa dawa za kifua kikuu kwa miezi au za VVU maisha yake yote ana uchovu wa aina nyingine, na hapa kubadilisha dawa huleta nafuu kubwa kuliko mbinu zote za kijiko. Kwa miaka mingi watoto hao walikatiwa vipande vya vidonge vya watu wazima au kunyweshwa dawa ya VVU ya lopinavir ya maji, ambayo ni chungu mno. Vidonge vya kifua kikuu vya kuyeyusha vyenye ladha ya matunda vilianza kutumika nchini Kenya mwaka 2016, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, na dawa ya VVU ya dolutegravir ya miligramu 10 ya kuyeyusha, yenye ladha ya stroberi, ilipata kibali mwishoni mwa mwaka 2020. Ikiwa mwanao bado anapambana na dawa ya zamani, uliza kliniki yenu kama anaweza kuhamishiwa hizo.

Unaporudi kituoni kwa sababu dawa imeshindikana, beba chupa au pakiti yenyewe pamoja na kadi ya kliniki, na umweleze mhudumu saa ya dozi ya mwisho aliyoimeza kweli, dozi ngapi zimetemwa au kutapikwa, na umejaribu nini. Usione haya kusema kwamba dozi zilikosekana. Mhudumu asiyejua hilo atadhani dawa imeshindwa kuua ugonjwa, na atamwandikia mtoto nyingine kali zaidi ambayo hakuihitaji.